CD ya Bi Mkubwa na Deki za Embu na Meru

Kuna mama mmoja wa Kimvita aliyeolewa Embu akiwa bado msichana, na hadi leo makazi yake ni huko huko, mtaa wa Majengo. Ndani ya kabati lake, katikati ya leso zilizokunjwa, ameweka CD moja isiyo na picha wala jina la duka. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino maneno mawili tu: Mama, Vugo. Ni mtu wa jamaa zetu, nasi tumezoea kumwita Bi mkubwa. Ndivyo tutakavyomwita katika makala haya.

CD hiyo ina sauti ya marehemu mamake. Mwaka 1987 mdogo wake Bi mkubwa aliolewa Mji wa Kale, Mombasa, na usiku wa vugo kijana mmoja wa nyumba ile aliweka redio kaseti dirishani na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama tulivyokuwa tukifanya sote zama zile. Ikanasa saa nzima: pembe zikigongwa, wanawake wakiitikia, na mamake akitangulia kila wimbo kwa sauti yake nyembamba isiyotetemeka. Nyimbo ni nane. Za tisa si nyimbo. Ni maneno ya wasia aliyompa bwana harusi, nusu kwa mzaha na nusu kwa machozi. Mwaka 2005 mjukuu akaihamisha kaseti ile kwenye CD kwa kompyuta. Ikawa kheri, maana kaseti yenyewe haikukawia kuliwa na mashine, utepe ukatoka nje umejikunja kama tambi.

Mwezi wa Shaaban uliopita CD nayo ikaanza kuruka. Wimbo wa pili ulikwenda vyema, wa tano ukakatika, na mwishoni mwa mwezi deki ya nyumbani ikawa haiitambui kabisa: inaizungusha, inanung'unika, kisha inaitema. Bi mkubwa hakusema neno. Aliirudisha katikati ya leso zake. Ila binti yake alitupigia simu, nasi tukafunga safari, kwa sababu katika ukoo wetu wamo wanaume wawili ambao kwa miaka ishirini na zaidi wamekuwa wakibishana juu ya deki ipi ya CD ni bora, na tuliona sasa wamepata kesi ya kuamua.

Wa kwanza ni ami yetu wa Meru, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Makutano. Deki yake ni Philips ya miaka ya themanini, nzito kama jiwe la kusagia, aliyoinunua Nairobi kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Wa pili ni binamu yetu wa Embu, muuza nguo, naye haoni deki nyingine ila Sony. Yake ni ya miaka ya tisini, nyeusi, na huifunika kwa kitambaa cha kufumwa kama mama mwingine afunikavyo mtungi.

Anayewasikiliza kwa mara ya kwanza hudhani ni ushabiki wa mpira, lakini ugomvi wao una asili. Kampuni hizo mbili, moja ya Uholanzi na nyingine ya Japani, ndizo zilizokaa pamoja zikaibuni CD. Deki ya kwanza kuuzwa, Sony CDP-101, iliingia madukani Japani tarehe 1 Oktoba 1982, kwa bei ya yeni 168,000. Zilikubaliana juu ya sahani yenyewe: upana wa sentimita 12, na sauti iliyokatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde, kila kipande kikiandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Zilipofika kwenye kuijenga deki, kila moja ikashika njia yake. Deki za mwanzo za Philips zilitumia tarakimu 14 tu, kisha zikaongeza hesabu mara nne ili kuziba upungufu huo. Macho ya leza ya Philips yalikaa juu ya mkono mdogo uliopepea kama kiwiko; ya Sony yalisafiri juu ya reli. Ami husema mkono ni kiungo cha mwanadamu na reli ni kitu cha treni. Binamu hujibu kwamba treni hufika.

Hata namna yao ya kuijaribu deki ni mbali mbali. Ami hupiga usomaji wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyefariki mwaka 1980. Hoja yake ilitupendeza. Husema usisikilize sauti, sikiliza kimya kilichoko baina ya aya na aya. Deki mbovu au amplifaya mbovu huvuma pale, na kimya hakiwi kimya. Binamu hupiga udi wa Zein l'Abdin, katika ile CD ya Mtindo wa Mombasa iliyotolewa London mwaka 1990, akingoja kusikia kucha ikigusa uzi kabla noti haijatoka. Tulipokuwa wadogo tulidhani wanajidai. Sasa tunakiri kwamba ukikaa nao nusu saa unaanza kusikia wanachokisikia, na ukirudi kwenye simu yako unajihisi kama mtu aliyekunywa chai ya maji baridi.

Shauri lilikatwa kwamba CD ipelekwe Meru, kwa kuwa Philips ya ami haibebeki. Tukatoka Embu baada ya sala ya alfajiri, tukapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, mlima Kenya ukiwa kushoto kwetu umejifunika ukungu. Bi mkubwa alikuwa na CD yake ndani ya mkoba, juu ya mapaja. Binamu alikuwa na Sony yake amevikwa blanketi, naye pia juu ya mapaja, na makanga wa matatu alimtaka alipie kiti cha pili. Alilipa.

Tulipofika, ami alikataa deki ya binamu isiwashwe kabla ya saa moja kupita. Tulidhani ni ujanja wa mshindani, kumbe ni elimu. Kitu kilichotoka kwenye baridi kikaingizwa chumba chenye joto la jiko huota umande, na tone lisiloonekana juu ya lenzi latosha kuipofusha leza. Sisi wa Pwani tatizo letu ni chumvi ya bahari inayokula vyuma. Wenzetu wa huko juu wana umande na vumbi jekundu. Saa hiyo ya kungoja ilipita kwa mahamri na mabishano, na ami akaitumia kuisafisha lenzi ya deki yake kwa kijiti cha pamba kilichotiwa spiriti kidogo, akiigusa kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto mchanga uchafu wa jicho.

Kisha akaichukua ile CD, akaipindua kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukabadilika.

Wengi wetu hudhani upande wa kuchungwa ni ule unaong'aa. Ule una ngozi nene ya plastiki, na mkwaruzo wake aghalabu huweza kung'arishwa. Upande wa hatari ni wa juu, wa maandishi. Chini tu ya rangi ile ndipo penye utando mwembamba unaoirudishia leza mwanga wake, na kalamu ya ncha ngumu huuchimba. Maneno yale mawili, Mama na Vugo, yaliyoandikwa kwa mapenzi, yalikuwa yamebonyea ndani. Tena hii haikuwa CD ya kiwandani. Za kiwandani hupigwa chapa, vishimo vyake vikabaki ndani ya plastiki. Hizi tunazozijaza kwa kompyuta hazina vishimo. Zina tabaka la rangi ambalo leza huliunguza, na rangi hiyo hupauka kwa jua, kwa joto na kwa miaka. Kabati la Bi mkubwa, ilibainika, limekaa mbele ya dirisha la mashariki.

Ilianza Philips. Sahani ikazunguka, mkono ukapepea, kimya. Ami akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, akairudisha. Wimbo wa kwanza ukatoka. Tunasema kweli, hatujapata kusikia pembe za vugo zikilia namna ile kutoka kwenye spika. Mtu angeweza kuhesabu waliozigonga. Bi mkubwa akaweka mkono kinywani. Katikati ya wimbo wa tatu ikasimama, na haikuendelea tena. Sony ya binamu ilifika wa nne. Si kosa la deki hizo, na tusingependa msomaji aliye na mojawapo aitupe. Ziliundwa kusoma CD za kiwandani, zinazorudisha mwanga mwingi. Sahani iliyopauka huziomba kusoma barua gizani.

Wanaume wale wawili, ambao hawajawahi kukubaliana tangu tuwajue, walikaa kimya wakitazamana. Ndipo mke wa ami alipotokea mlangoni, mikono ina unga, akauliza mbona hawajaijaribu ile ya jikoni.

Ya jikoni ni redio yenye kaseti na CD, ya plastiki, ina kishikio juu na antena iliyofungwa kwa uzi. Aliinunua mwenyewe kwa fedha za mchezo wa kina mama. Imekaa baina ya debe la mafuta na kinu, na kwa miaka yote ile wanaume hawakuihesabu kuwa ni deki. Ami huiita kopo. Lakini ilitengenezwa baada ya mwaka 2000, wakati watu walikuwa tayari wanajijazia CD majumbani, na hata zile za kufutwa na kuandikwa upya, ambazo hung'aa kidogo sana. Kwa hiyo mashine za umri huo nyingi zimewekewa uwezo wa kuikuza ishara dhaifu zenyewe. Sauti yake haina kimya cha al-Husary wala kucha ya Zein. Macho, hata hivyo, yalikuwa mazima.

Ilisoma wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tano ulikwama mara mbili ukaendelea. Tulihamia jikoni sote, wengine tumekaa juu ya vibao vya mbuzi. Wa saba. Wa nane. Mke wa ami aliendelea kusukuma chapati bila kuinua uso, ingawa tuliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Za tisa hazikutoka. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, mstari mmoja mrefu unaozunguka, ambao kwa sahani iliyojaa ungenyooshwa ungefika kiasi cha kilomita 5. Kilichorekodiwa mwisho hukaa ukingoni, na ukingoni ndiko vidole hushika na ndiko rangi mara nyingi huanza kuharibika. Wasia wa mamake Bi mkubwa ulikuwa pale. Tulisikia pumzi akivuta kabla ya kusema, kisha mkwaruzo, kisha redio ikazima yenyewe. Tulijaribu mara sita. Mara ya saba Bi mkubwa akasema, basi wanangu, msije mkaimaliza.

Siku ya pili kijana mmoja wa mjini Meru, fundi wa kompyuta, aliisoma sahani kwa mwendo wa polepole kabisa, akiirudia kila sehemu mara nyingi. Nyimbo nane zimehifadhiwa salama kwenye flashi mbili na simu tatu, moja ya Bi mkubwa mwenyewe. Za tisa zilitoa sekunde kumi na moja. Katika sekunde hizo anaitwa bwana harusi kwa jina, na anaambiwa akae chini.

Ami na binamu wamerudia ugomvi wao. Binamu anadai wimbo mmoja ni wimbo mmoja, na Sony ilishinda. Ami anasema aulizwe Bi mkubwa ni deki ipi iliyomtia mkono kinywani. Mke wa ami hakuulizwa, na redio imerudi baina ya debe na kinu.

Lakini kuna jambo moja, na ndilo lililotufanya tuandike. Tukiwa njiani kurudi Embu, Bi mkubwa alikumbuka kwamba usiku ule dirishani hapakuwa na redio moja. Zilikuwa tatu, zimepangwa safu, mbili za wageni waliokuja harusini, naye hakumbuki walikuwa kina nani. Basi msomaji wetu, ikiwa katika nyumba yenu kuna kaseti ya vugo la Mji wa Kale la mwaka 1987, mwezi wa Mfunguo Pili, itambue kwa mwanzo wake: kabla ya wimbo wa kwanza mtoto analia, na nje muuza kahawa anapita akigonga vikombe. Tafadhali usiipige kwanza. Isafishe mashine yako, itazame sponji ndogo inayoukandamiza utepe kama bado ipo, kisha utufikishie habari hapa jaridani.