Usafi wa Moyo Haupimwi kwa Nguo

Mkulima anayekwenda kununua mahindi hatosheki na gunia lililoshonwa vizuri. Hutia mkono ndani, akatoa punje, akatazama kama zimetobolewa na fukusi. Vivyo hivyo mkaguzi wa hesabu hasifu daftari kwa uzuri wa mwandiko wake. Hufungua sanduku na kuhesabu fedha. Lakini tukiingia kanisani siku ya Jumapili, mara nyingi twaisahau hekima hiyo, tukadhani ya kuwa suti iliyopigwa pasi, jina la ubatizo na kiti cha mbele ndio Ukristo. Wazee walituonya zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Neno hili ndilo lililotikisa makanisa ya Afrika ya Mashariki katika siku za Uamsho. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, aliyepata kuwa mtumishi wa serikali. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata moto ule uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 kundi la wahubiri likafika Kabete katika Kenya. Mwaka 1949 mkutano mkubwa ulifanyika hapo hapo Kabete, ukahudhuriwa na maelfu ya watu.

Wahubiri hao hawakuwaendea wasioamini peke yao. Waliwaambia waliokwisha kubatizwa, walimu, wazee wa kanisa na hata makasisi, ya kwamba kuandikwa katika kitabu cha kanisa si kuoshwa moyo. Wala hawakuridhika na machozi ya mkutanoni. Aliyeiba jembe alitakiwa kulirudisha. Aliyechukua mali ya bwana wake aliipeleka mwenyewe. Mume aliyemkosea mkewe aliungama mbele yake. Hivyo lililo ndani lilitoka nje kwa matendo, wala si kwa mavazi.

Kisha ikaja siku ya kupimwa. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao walikataa vilevile kushika bunduki za serikali, wakisema hawawezi kumwaga damu ya mtu. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Si kazi yetu leo kuwahukumu wale waliofanya vingine katika siku zile nzito. Lakini yafaa tujue ya kuwa suti na kiti cha mbele havikumsaidia mtu usiku ule alipobishiwa hodi.

Hata hivyo, msomaji, tusidhani ya kuwa hatari hii ni ya wengine tu. Ndugu wa Uamsho nao walipata alama zao: salamu yao, wimbo wao, mavazi yasiyo na mapambo, na ushuhuda wa kueleza siku mtu alipookoka. Vitu hivyo vilianza kama matunda ya moyo. Lakini palipokuwa na mtu aliyejifunza salamu bila toba, hapo unyenyekevu wenyewe uligeuka kuwa vazi. Kanzu rahisi yaweza kuficha kiburi sawasawa na suti ya thamani.

Basi kila mmoja ajikague kama mkaguzi mwaminifu. Je, mizani yako ya sokoni ni sawa hata kwa mnunuzi asiyejua kusoma? Je, mtu asiye na ndugu ofisini ashughulikiwa kwa zamu yake, bila ya chai? Deni la jirani limelipwa? Mambo haya hayaonekani Jumapili. Yaonekana Jumatatu, naye anayeyajua kwanza ni mke, ni mtoto, ni kibarua wa shambani. Ukitaka kujua hali ya moyo wako, waulize hao, nawe usikasirike kwa jibu lao.