Kichochoro cha Mizimu Chicago: Cheki Milango Ndiyo Iliua Wasee 600

Nyuma ya ukumbi wa Nederlander, katikati ya Chicago, kuna kichochoro kinaitwa Couch Place. Usiku wasee hukipita mbio. Wanasema unaskia watoi wakilia, ama mkono baridi unakushika bega, ukigeuka hakuna mtu.

Mizimu siamini sana, lakini hii stori iko na mizizi.

Hapo kitambo palikuwa na ukumbi wa Iroquois. Ulifunguliwa Novemba 1903, ukapigiwa debe ati hauwezi shika moto. Manze, tarehe 30 Desemba mwaka huo huo, shoo ya mchana, umejaa mamathe na watoto wako holidei. Taa ya jukwaani ikarusha cheche kwa pazia. Wakashusha lile pazia la kuzuia moto, likakwama njiani. Watu wakakimbilia milango: mingine imefungwa, mingine iko na komeo geni hakuna anajua kufungua. Wa juu wakatokea kwa ngazi za nje ambazo fundi hakuwa amemaliza. Wengi waliangukia hapo kwa kichochoro.

Zaidi ya 600 walikufa. Hakuna msee alipatikana na hatia ya vifo hivyo.

Ni baada ya hapo ndio ile fito ya chuma unasukuma na mwili mlango unafunguka ilianza kuenea.

Juzi nilikuwa klabu fulani, nikacheki mlango wa dharura: kufuli, na kreti za bia zimepangwa mbele. Nikauliza baunsa. Akaniambia funguo ziko na bosi, na bosi ameenda ocha.