Wi-Fi Imejaa, Mtandao Hakuna

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Dar es Salaam, Kampala na Kigali kurasa ziligoma kufunguka. Lakini ukitazama simu, alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa kabisa. Sidhani kama wako wachache waliozima kile kiboksi cha sebuleni, wakangoja, wakakiwasha, kisha wakakizima tena. Kiboksi hakikuwa na kosa lolote.

Alama ile hupima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi ya redio kati ya simu yako na kiboksi. Kama huko ng'ambo ya kiboksi lori limeangusha nguzo ya faiba, au mkongo umekatika baharini, yenyewe haina habari. Wi-Fi ni mita chache za mwanzo za safari ya maelfu ya kilomita.

Kiboksi chenyewe tunakiita kila jina: ruta, modemu, wengine Wi-Fi tu. Hakuna anayekosea sana, maana ndani ya plastiki ile vimebanwa vifaa kadhaa vilivyokuwa vikiuzwa kimoja kimoja. Kuna kituo cha Wi-Fi chenye antena. Kuna swichi, yaani yale matundu ya nyaya kwa nyuma. Kuna ruta yenyewe, inayoamua kila pakiti ya data ielekee wapi. Na kuna kinachoongea na kampuni inayokuuzia huduma. Kwenye faiba ni ONT, ambayo hupokea mapigo ya mwanga na kuyageuza kuwa umeme. Mara nyingi ONT huwa na taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako, na kuzima na kuwasha hakutasaidia chochote. Piga simu kwa mtoa huduma.

Ruta ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Kila kifaa kilicho kwenye intaneti kinahitaji anwani ya IP. Anwani za toleo la nne, ambazo bado tunazitegemea mno, ni namba za biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296. Dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, na mwenye simu moja, kompyuta moja na televisheni moja tayari anataka anwani tatu. Wahandisi waliliona hilo mapema. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya mbinu iitwayo NAT, wakiieleza kuwa ni suluhisho la muda mfupi. Muda mfupi huo umeshapita miaka 30.

NAT hufanya kazi kama S.L.P. ya shule ya bweni: wanafunzi mamia, sanduku moja, na karani anayejua barua ipi ni ya nani. Ndani ya nyumba, ruta hugawa anwani za ndani kwa utaratibu uitwao DHCP, nyingi zikianza na 192.168. Huko nje anwani hizo hazina maana yoyote. Jirani yako anaweza kuwa na 192.168.1.5 kama wewe, na mtu wa Muscat vilevile, na hakuna atakayemgonga mwenzake. Simu ikiomba ukurasa, ruta huifuta anwani ya ndani kwenye pakiti, huweka ile moja ya nje, huipa poti, yaani namba ya utambulisho, kisha huandika kwenye jedwali lake: poti namba fulani, simu ya mama, poti namba nyingine, televisheni. Jibu likirudi, hutazama jedwali na kulifikisha kwa mwenyewe. Poti zina nafasi 65,536, hivyo familia nzima hutosha kwenye anwani moja bila kusukumana.

Ila pakiti inayokuja bila kuitwa haimo kwenye jedwali, nayo hutupwa. Ndiyo maana kamera uliyofunga dukani huwezi kuifikia moja kwa moja ukiwa safarini. Kamera nyingi hulikwepa hilo kwa kupiga hodi zenyewe kwenye seva ya mtengenezaji, na simu yako hukutana nazo huko.

Uhaba wenyewe haukuisha. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, na mwaka 2020 iliingia awamu ya mwisho ya mgao: mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye wateja laki kadhaa itazifanyia nini hizo? Huweka NAT ya pili huko kwake, na wateja wengi wakatoka nje kwa anwani moja. Ukitaka kujua kama wewe ni mmoja wao, andika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya kiboksi, mara nyingi 192.168.1.1, uingie, utafute anwani ya WAN, yaani ile ya nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT mbili. Pengine ndiyo sababu tovuti fulani hukushuku kuwa roboti na kukulazimisha uchague picha za taa za barabarani: kuna mwenzako wa anwani hiyohiyo aliyefanya fujo.

Dawa ipo. Ni toleo la sita la IP, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1995, lenye anwani za biti 128. Afrika linaingia kwa mwendo wa kinyonga, na naona NAT imechangia: kitu kikifanya kazi, nani ana haraka ya kukigharimia kingine?

Kasi nayo ina mtego wake. Kifurushi cha 20 Mbps ni megabiti, si megabaiti. Gawanya kwa nane upate megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti moja itachukua karibu dakika saba, tena kama kiboksi hakijafichwa nyuma ya friji. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi kuliko ya 2.4 lakini huchoka upesi ukutani, na kuta nene za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe na Lamu, huyamaliza kabisa.

Ukiwa bado kwenye ukurasa ule wa ruta, badilisha nywila yake. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilijaribu nywila za kiwandani zipatazo 60 tu, ikateka mamia ya maelfu ya kamera na ruta za majumbani. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo viliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Nywila ya Wi-Fi, ile unayompa mgeni, si hiyo. Ya ukurasa wa ruta ni nyingine, na kama hujawahi kuigusa, huenda bado ni "admin".