Kulalamika Si Kuasi

Hivi majuzi nilikuwa Msambweni kwa shughuli za kifamilia. Jioni moja alinijia mama mmoja, jirani wa shangazi yangu, akiwa na barua mkononi. "Mwalimu," akasema, "wewe ni msomi wa lugha. Isome, kisha unishauri." Mwanawe ni askari wa kikosi ambacho sitakitaja. Alieleza jinsi anavyotukaniwa kabila lake na kunyimwa likizo, na kwamba kila alipomwendea mkuu wake alijibiwa: "Hapa ni jeshini, si kwa mamako."

Neno nidhamu tumelipata katika Kiarabu, nalo asili yake ni mpangilio. Mpangilio una pande mbili: mdogo hutii, mkubwa husikiliza. Katika vinywa vya baadhi ya wakuu, nidhamu imebaki na upande mmoja tu, na anayelalamika huhesabiwa kuwa anaasi.

Historia yetu inakanusha dhana hiyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Katika muda wa siku nne tu, moto ukafika Jinja, Uganda, na Lanet karibu na Nakuru. Serikali zote tatu zililazimika kuita majeshi ya Uingereza kuuzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lalamiko linaloshughulikiwa mapema ndilo linaloepusha maasi.

Ni kweli kwamba mwanajeshi si sawa na raia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 24(5), inaruhusu sheria kumpunguzia baadhi ya haki, zikiwamo za kukusanyika na za mahusiano ya kazi. Hata hivyo, heshima ya utu, iliyotajwa katika kifungu cha 28, haimo katika orodha hiyo. Kifungu cha 25 nacho hakiruhusu kamwe kupunguzwa kwa haki ya kutotendewa ukatili au udhalilishaji. Aidha, kutokana na kifungu cha 59, ziliundwa mwaka 2011 tume tatu za kupokea malalamiko: ya haki za kibinadamu, ya jinsia na usawa, na ya haki katika utawala. Mahakama Kuu nayo ipo. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: tangu 1956 katiba yake ina kamishna wa Bunge ambaye askari humwandikia moja kwa moja, bila kupitia kwa mkuu wake.

Nilimshauri mama huyo hivi: kijana aandike tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa na mashahidi, asitaje siri yoyote ya kazi, apeleke barua kwa mkuu wake, kisha kwa aliye juu yake, akibaki na nakala. Wakinyamaza wote, nakala hizo ndizo atakazozipeleka kwenye tume.

Walimu wenzangu, darasani tunafundisha barua ya kuomba kazi mwaka nenda mwaka rudi. Ni mara ngapi tunafundisha barua ya kulalamika, yenye adabu na yenye ushahidi? Vijana wa Kwale wanaopanga foleni kila jeshi linapoandikisha wanaihitaji kama wanavyohitaji vyeti vyao. Yule kijana hakuandika kwamba anataka kuacha kazi. Aliandika kwamba anataka kusikilizwa.