Kindle au Karatasi: Hesabu ya Msomaji wa Salama

Salama, Makueni, ni mji wa njia. Malori ya Mombasa hulala hapa, matatu hupita usiku na mchana, na kwenye maduka ya kando ya barabara utapata madaftari, kalamu, vitabu vya mtaala na pengine hadithi moja mbili za watoto. Anayetaka riwaya mpya, tawasifu au kitabu cha historia huagiza Nairobi, mwendo usiofika kilomita 100. Ndiyo maana mwalimu, nesi au dereva apendaye kusoma akitaka kujua kama anunue Kindle, kisomaji cha vitabu vya kidijitali cha Amazon, juu ya vitabu alivyo navyo, mimi humuuliza kwanza: vitabu unavyosoma vinatoka wapi, na vinakufikiaje?

Bei ya kifaa peke yake haisemi mengi. Kindle ya kawaida ya 2024 ilitolewa Marekani kwa dola 109.99, yaani kama Sh14,200 dola ikiwa Sh129. Mpaka iwekwe kwenye kabati la duka jijini, imebeba usafiri, VAT ya asilimia 16, ada za forodha na faida ya muuzaji. Tuchukue Sh18,000 kwa hesabu yetu.

Sasa tuseme riwaya mpya kutoka ng'ambo inauzwa Sh1,500 dukani Nairobi. Nakala yake ya Kindle, tuseme, ni dola 9.99, kama Sh1,290. Umeokoa Sh210. Ili Sh18,000 zako zirudi, itabidi usome vitabu 86. Kwa anayesoma kitabu kimoja kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miaka saba, na kuna uwezekano mkubwa betri itakuwa imechoka kabla ya hapo. Ongeza usafiri uone mambo yanavyobadilika. Kitabu kikitumwa kwa matatu kama mzigo, tuseme kwa Sh200, akiba inapanda hadi Sh410 na kifaa kinajilipa baada ya vitabu 44. Ukiwa mtu wa kupanda gari mwenyewe kwenda kutafuta kitabu kimoja, na nauli ya kwenda na kurudi ikawa Sh600, vitabu 23 vinatosha. Makadirio haya ni yangu. Weka bei zako, lakini fuata njia hiyo hiyo ya kuhesabu. Utaona kwamba kinachoamua ni umbali wa duka la vitabu kuliko bei ya kitabu chenyewe.

Halafu kuna vitabu vya mitumba. Wauzaji wanaotandaza vitabu chini kwenye vijia vya katikati ya Nairobi, wale wa maduka tunayoyaita «inama», hukupa riwaya nzuri kwa bei ya chakula cha mchana. Msomaji anayepita huko kila mwisho wa mwezi na kurudi Salama na vitabu vitano mkobani hana sababu ya kifedha ya kununua Kindle. Hakuna duka la mtandaoni litakalomshinda mama wa pale kwa bei, na huyo mama ukimrudishia vitabu ulivyomaliza atakupunguzia vingine.

Anayetetea Kindle kwa jina la kuokoa pesa basi ana kazi ngumu. Hoja yenye uzito ni nyingine: kuna vitabu ambavyo havitakufikia kwa njia nyingine yoyote. Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, una vitabu zaidi ya 70,000 vya bure ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Kitabu kipya kinachozungumziwa leo London unaweza kukianza leo usiku ukiwa Salama. Faili la riwaya isiyo na picha kwa kawaida halizidi megabaiti chache, kwa hiyo bando dogo la simu hushusha vitabu kadhaa. Kindle ya bei ya chini hutumia Wi-Fi tu, lakini ukiwasha simu yako igawe intaneti, kazi imekwisha.

Malipo yalikuwa kikwazo kikubwa zaidi kuliko intaneti. Duka la Amazon hutaka kadi. Tangu Juni 2022 Safaricom na Visa wameweka kadi ya M-Pesa GlobalPay, inayokuwezesha kulipa kutoka kwenye salio la M-Pesa bila akaunti ya benki. Angalia kiwango cha kubadilisha dola kabla ya kuthibitisha, na ujue kwamba baadhi ya vitabu havitauzwa kwako kabisa kwa kuwa haki za kuuza kitabu hugawanywa kwa nchi.

Hayo yote ni kwa msomaji wa Kiingereza. Kwa anayesoma Kiswahili, na zaidi kwa anayetaka kusoma Kikamba, mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ninapotaka wanunuzi wasimame kidogo. Chukua Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya zake kwa Kiingereza unazipata kwenye kifaa kwa kugusa mara mbili tatu. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, yaani Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022, mimi ningeitafuta kwa karatasi. Ndivyo ilivyo kwa vitabu vingi vya Kiswahili vinavyochapishwa Nairobi na Dar: ukifungua duka la Kindle kutafuta waandishi wetu utarudi na kapu karibu tupu.

Mfano wa karibu zaidi uko mlimani hapo juu. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka 1939. Miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Comb Books, akauza vitabu vidogo vya bei nafuu ambavyo vijana walivisoma na wazee wakavilaani. Baadaye, mwaka 1991, akatoa Broken Drum, riwaya ya zaidi ya kurasa 1,000. Anayetaka vile vya zamani atavikuta zaidi mikononi mwa wauzaji wa mitumba, kurasa zimegeuka rangi, jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa kalamu kwenye jalada la ndani. Mtu wa Makueni akinunua kifaa cha Sh18,000 kisichoweza kumpa mwandishi aliyezaliwa kwenye kilima anachokiona akiwa stejini, ajue mapema kwamba amenunua mlango wa kwenda kwingine.

Kuna mianya, tena mizuri. Mradi wa African Storybook hutoa hadithi fupi za watoto bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kikamba zikiwemo. Kampuni ya eKitabu ya Nairobi huuza vitabu vya kidijitali vya wachapishaji wa Kenya. Lakini angalia jambo moja: hadithi za watoto zinataka picha za rangi, na Kindle ya kawaida ni nyeusi na nyeupe. Huduma hizo zinafaa zaidi kwenye simu au tableti. Msomaji wa namna hiyo tayari ana kifaa mfukoni, na ningemshauri asiongeze kingine.

Vitabu vya shule ni suala fupi. Usinunue Kindle kwa ajili yake. Mwanafunzi anayesoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege au Nguu za Jadi ya Clara Momanyi anahitaji kupiga mistari, kuandika pembeni na kufungua ukurasa ule ule pamoja na darasa. Shule nyingi za bweni haziruhusu vifaa vya kielektroniki. Vitabu vya hisabati na sayansi, vyenye michoro na majedwali, husinyaa kwenye skrini ya inchi sita hadi visisomeke. Na zile PDF za vitabu vya kutahiniwa zinazozungushwa WhatsApp ni wizi wa jasho la mwandishi ambaye malipo yake ni madogo tangu mwanzo. Kama nyumbani kuna Sh18,000 na mtoto hana vitabu, nunua vitabu. Ndiyo, vitabu vimewekewa VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013, jambo ambalo wachapishaji wamelipinga kwa haki, lakini kitabu cha shule kitasomwa na dada, kisha na binamu, kisha kiuzwe.

Hilo la kurithishana lina thamani ambayo watu husahau kuiweka kwenye hesabu. Kitabu cha karatasi cha Sh1,500 kikisomwa na watu watano kimewagharimu Sh300 kila mmoja. Kitabu cha Kindle kimefungwa kwenye akaunti yako. Unapolipa unapewa ruhusa ya kukisoma, na mwenye duka hubaki na ufunguo. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za 1984 na Animal Farm za George Orwell kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki. Wateja walirudishiwa pesa. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikatoweka, pesa zikarudishwa. Februari 26, 2025 Amazon iliondoa njia ya kushusha nakala ya kitabu chako kwenye kompyuta. Vifaa vya Kobo husoma moja kwa moja faili za EPUB, aina inayotumiwa na maduka mengi, kwa hiyo havikufungi sana kwa muuzaji mmoja. Mimi ningechagua Kobo bei zikikaribiana, ingawa mafundi na wauzaji wa Nairobi wanaijua zaidi Kindle.

Karatasi nayo ina adui, na mtu wa Ukambani hahitaji kuelezwa. Mchwa hawali kitabu kutoka juu. Wanaingia kupitia ukutani, wanapanda nyuma ya rafu, wanaanza na kile cha chini. Unakuta jalada limesimama zima, kichwa cha kitabu kinasomeka vizuri, na ukikivuta kinakuja chepesi: ndani kumebaki udongo mwekundu na vipande vya karatasi vyenye maneno mawili matatu. Anayejenga maktaba ya nyumbani hapa aweke gharama ya rafu ya chuma au sanduku la bati, na rafu isigusane na ukuta. Kindle haina shida ya mchwa, lakini ikianguka kwenye saruji au ikikaliwa kwenye kiti cha gari, skrini hupasuka, na fundi wa simu wa Salama hana skrini hiyo. Kuiagiza pamoja na ufundi kunaweza kukaribia bei ya kifaa cha mtumba. Kifuko kigumu si anasa.

Kwa macho na umeme, sifa ni za kifaa. Skrini ya wino wa kielektroniki ina chembe nyeusi na nyeupe zinazopandishwa na kushushwa kwa umeme. Zikishakaa mahali pake hazitumii nguvu tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu chaji moja huweza kukaa wiki kadhaa, na paneli ndogo ya sola inayowasha taa na kuchaji simu inatosha kabisa. Juani, pale ambapo simu hugeuka kioo cha kujitazamia, maandishi ya Kindle hukaza na kusomeka zaidi. Mzee ambaye macho yamechoka anakuza herufi hadi anapopenda, na kifaa chenyewe kina gramu 158 tu mkononi. Dereva wa lori aliyeegesha hapa saa tano za usiku anaweza kusoma kwa taa ya ndani ya kifaa bila kuwasha ile ya lori. Kwa watu hawa wawili, mzee na dereva, ningesahau hesabu ya vitabu 44 na kusema nunua, ikiwa wanasoma Kiingereza.

Anayesitasita ajaribu kwanza bila kutoa shilingi. Programu ya Kindle ni ya bure kwenye simu: pakua kitabu kimoja cha Gutenberg na ukimalize. Ukishindwa kukimaliza kwa sababu ya mwangaza na ujumbe wa WhatsApp unaoingia kila dakika, kisomaji kitakusaidia. Ukishindwa kwa sababu hukuwa na hamu, umeokoa Sh18,000. Maktaba za umma nazo ziliwahi kujaribu: shirika la Worldreader, pamoja na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, lilipeleka visomaji kwenye maktaba nane za magharibi mwa Kenya mwaka 2013 na 2014, kisha mpango ukapanuliwa kote nchini mwaka 2016. Ukipita Mwingi, ingia maktaba ya pale uulize kama bado kuna kifaa cha kushika na kujaribu.

Ukiamua kununua cha mtumba, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachofaa wengi wetu, usikubali kuonyeshwa picha. Kutana na muuzaji mchana, iwashe, pindua kurasa ishirini uone kama kuna mistari isiyofutika au pembe iliyotiwa kivuli. Chomeka waya uone kama inapokea chaji. Fungua mipangilio utazame imesajiliwa kwa jina la nani, kwa sababu Kindle iliyoripotiwa kuibwa haitakubali akaunti nyingine. Mwenyewe aondoe akaunti yake ukitazama, uingize yako, ushushe kitabu kimoja cha bure na kifunguke, ndipo utume M-Pesa.