Je, Wajua? Kabla Prado Haijatoka Juba

Je, wajua kwamba lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami Sudan Kusini, na ilikamilika mwaka 2012, nchi ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu? Kwa hiyo mtu wa Juba akikwambia anasafiri na familia, muulize kwanza anaelekea wapi. Wa Nimule ahakikishe breki. Wa Torit na Kapoeta, anayeiacha lami hiyo, asome hadi mwisho.

Je, wajua kwamba tairi lina cheti cha kuzaliwa? Ubavuni, mwishoni mwa herufi za DOT, tafuta tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Chungulia hasa tairi la akiba, maana hilo huzeeka likining'inia mlangoni, kashata nzima, kila mtu akidhani bado jipya.

Je, wajua kwamba kwenye changarawe upepo mwingi ni adui? Tairi lililojazwa pauni 35 kwa ajili ya lami, likipunguzwa hadi 26 hivi, hulala vizuri zaidi chini, hubonyea juu ya jiwe badala ya kuchanika, na watoto hulala pia. Ila mwendo nao upungue, na pampu ndogo ya kujazia iwe ndani ya gari. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi lililokwisha kupata moto litakudanganya.

Yale mawimbi ya barabara ya changarawe yanayotikisa meno, je? Wengi huyalaumu malori, wengine shokapu mbovu. Mwaka 2007 watafiti wa Canada, Ufaransa na Uingereza walichapisha jibu: walizungusha gurudumu juu ya mchanga maabara, na mwendo ulipovuka kiwango fulani mawimbi yakajitokeza yenyewe. Halafu likaja jambo la kuchekesha: mawimbi hayo husogea polepole kuelekea kule magari yanakokwenda. Yaani barabara nayo inasafiri. Kuhusu shokapu, mtikisiko wa saa nzima huchemsha mafuta yaliyomo, nazo huacha kufanya kazi bila kuvuja hata tone. Ukiona gari limeanza kucheza mkia, simama kivulini zipoe. Soda kwa watoto, na wewe kaza nati za magurudumu.

Je, wajua kwamba udongo mweusi wa mabonde ya huku hupumua? Watanzania wanauita udongo wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mvua ikinyesha huvimba, huteleza kama sabuni, na huganda kwenye tairi mpaka kashata zote zijae na fowili yako igeuke kitelezi. Mvua za Juba huanza kama Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Jeki bila kipande cha ubao mpana wa kuweka chini yake, katika tope hilo, ni chuma cha kuzika.

Snokeli haikuwekwa ili gari liogelee! Kazi yake kubwa ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu, ambako vumbi ni haba. Majini ina msaada wake, kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa: yakiingia kwenye silinda, pistoni hugonga ukuta na konrodi hupinda. Lakini snokeli haizuii mkondo. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kubeba hata gari kubwa la familia, kwa sababu gari lenyewe huanza kuelea.

Difu nalo lina siri yake. Likiwa la moto na likazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Pumzika kidogo kabla ya kuvuka. Baadaye fundi afungue nati aone oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote.

Je, wajua kwamba jerikeni ni Mjerumani? Dumu lile la chuma la lita 20 walilibuni wao miaka ya 1930. Waingereza, waliokuwa wakiwaita Wajerumani "Jerry", waliyateka madumu hayo vitani, wakayaiga, na jina likabaki. Juba utasikia jerkana. La mafuta lisijazwe hadi shingoni, kwani mafuta hutanuka juani, na lisikae walipokaa watoto.

Vumbi: usifungue dirisha la nyuma peke yake. Nyuma ya gari lenye mgongo wima hewa huwa pungufu, na vumbi pamoja na moshi wa eksozi huvutwa humo humo.

Sasa hili lisomeni polepole. Mawe yaliyopakwa rangi kando ya njia si mapambo. Upande mwekundu ni hatari, upande mweupe umesafishwa. Miaka ya vita iliacha mabomu ya ardhini sehemu nyingi za nchi hii, na mafuriko yanaweza kuyahamisha. Lori likikwama mbele yako, usijitengenezee njia yako porini. Fuata alama za magurudumu yaliyokwisha kupita, au subiri. Mtoto akitaka kujisaidia, ajisaidie nyuma ya gari, barabarani, heshima itasamehe. Shimo la katikati ya barabara litavunja springi tu. Na kabla ya kuondoka, waulize madereva waliorudi jana kuhusu usalama. Habari ya wiki iliyopita ni ya zamani.

Je, wajua kwamba Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini ikaurithi? Magari mengi yanayopitia Uganda yana usukani kulia, kwa hiyo dereva anapotaka kulipita lori, anayeona mbele ni abiria wa kushoto. Mpe kiti hicho mtu mzima asiyesinzia.

Tena saa. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, na sasa jua la Juba huzama karibu na saa kumi na mbili kamili. Ukiwaambia watu wako "tufike kabla ya saa kumi na mbili", umewaambia kabla ya giza. Ng'ambo ya mpaka wa Nimule, pale Elegu, saa za ukutani wakati huo zinasema saa moja.