Michezo ya kale ya ordinatere: ule wa watumwa wa 1988 unatuhusu nini sisi huku Mweso?

Jioni, kwenye nyumba za kuchaji telefone hapa Mweso, vijana wanasongamana mbele ya kioo kimoja kidogo. Mmoja anacheza, kumi wanaangalia. Ni mpira, ni mbio za magari, ni kupigana masasi. Wazazi wanalalamika: "Hiyo michezo inawafundisha nini?"

Ulizo hilo ni la haki. Ili kulijibu, turudi nyuma miaka zaidi ya 40, wakati ordinatere zilianza kuingia ndani ya nyumba za watu kule Marekani na Ulaya. Kati ya michezo ya wakati ule iko mmoja ambao wengi hawaujui, ulioandikwa na mwanamke mweusi, na ambao unagusa historia ya watu waliotolewa kwa nguvu Afrika.

Yote ilianzia mezani, si kwenye mashini

Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Hakukuwa ordinatere ndani yake. Watu wanazunguka meza. Mmoja anasimulia: "Mumefika mbele ya pango, ndani kunasikika sauti." Wengine kila mmoja anaigiza mtu wake na kusema atafanya nini. Kwa Kifaransa wanauita jeu de rôle, ni kusema mchezo wa kuigiza mhusika.

Mtu aliyekulia kijijini atasema: lakini hiyo ni hadisi ya jioni pembeni ya moto! Ni karibu vile. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anaingia ndani ya hadisi, na namba ndizo zinaamua kama amefaulu ao ameshindwa.

Tuchukue mfano wa kwetu. Wewe ni mwenye tshukudu, umebeba magunia ya viazi, mvua imenyesha na daraja limeharibika. Tuseme nguvu yako ni 8. Unatupa dadu mbili, zile za ludo. Ukipata 8 ao chini ya 8, umevuka. Ukipita 8, mzigo umeingia mtoni. Kwa dadu mbili kuna njia 36 za kuanguka, na 26 kati yazo zinakuvusha. Lakini rafiki yako mwenye nguvu 5 ana njia 10 tu. Basi yeye afazali atafute njia ingine: aombe msaada, azunguke, ao asubiri maji yapungue. Hapo ndipo mchezo unakuwa mtamu, kwa sababu kila mtu anapita shida ileile kwa namna yake.

Kumbukumbu ndogo, akili nyingi

Ordinatere zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, kama Apple II mwaka 1977, vijana walitaka kuingiza mchezo huo ndani ya mashini. Richard Garriott, Mmarekani aliyekuwa bado kijana sana, aliandika Akalabeth, kisha mwaka 1981 akatoa Ultima. Mwaka huohuo Andrew Greenberg na Robert Woodhead walitoa Wizardry. Wachezaji walikuwa wanachora ramani wenyewe kwenye karatasi ya mistari, la sivyo wanapotea.

Mashini zenyewe zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana. Commodore 64, iliyotoka 1982, ilikuwa na kilobaiti 64. Hiyo ni kama herufi elfu 65, karibu makala tisa ya urefu kama huu unaousoma. Picha moja tu unayopokea kwenye WhatsApp mara nyingi inapita hapo.

Basi watu walitafuta mbinu. Ndani ya Temple of Apshai, mchezo wa 1979, maelezo ya vyumba hayakuwa kwenye mashini. Yalichapwa ndani ya kitabu kidogo. Ukiingia chumba fulani, unaangalia namba yake, unafungua kitabu na kusoma kile unachokiona. Nusu ya mchezo ilikuwa kwenye kioo, nusu kwenye karatasi.

Na kuna jambo ambalo sisi watu wa radio tunalipenda. Michezo mingi ilikuwa inatunzwa kwenye kasete, zilezile za muziki. Ukiiweka kasete hiyo ndani ya radio-kasete ya kawaida, unasikia makelele tu, lakini ordinatere inayasoma makelele hayo kama maandishi. Kwa hiyo radio iliweza kutuma programu hewani! Mwaka 1983, kule Belgrade, mtangazaji Zoran Modli alikuwa anarusha programu za ordinatere kwenye radio, na wasikilizaji wanazirekodi nyumbani kwa kasete. Uholanzi nako radio ilifanya hivyo.

Muriel Tramis na usiku wa watumwa

Karibu michezo yote hiyo ilisimulia vitu vya Ulaya ya kale: ngome, mapanga, madragoni. Mtu mweusi alikuwa haonekani.

Muriel Tramis alizaliwa Fort-de-France, Martinique, kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Ufaransa. Alisoma uinjenieri na akafanya kazi katika kampuni kubwa ya ndege na silaha. Aliacha kazi hiyo, akaingia kampuni ya michezo ya Coktel Vision. Mchezo wake wa kwanza, Méwilo, ulitoka 1987. Aliuandika pamoja na Patrick Chamoiseau, mwandishi wa Martinique ambaye mwaka 1992 alipata zawadi ya Goncourt, moja ya zawadi kubwa kabisa za vitabu Ufaransa.

Méwilo inapita katika mji wa Saint-Pierre, mwaka 1902, mbele kidogo ya mlima Pelée kulipuka. Tarehe 8 Mei ya mwaka ule volkano iliangamiza mji na kuua watu karibu 30 000. Sisi wa Kivu hatuhitaji mtu wa kutuelezea maana yake. Tunakumbuka tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ukishuka hadi katikati ya Goma, na tena mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021.

Mwaka uliofuata, 1988, Tramis na Chamoiseau walitoa Freedom, yaani uhuru. Ni mchanganyiko wa mbinu za vita na kuigiza mhusika, na ulichezwa kwenye Amstrad, Atari na mashini zingine za wakati ule. Wewe ni mtumwa kwenye shamba kubwa la miwa. Ni usiku. Unachagua mmoja kati ya watu wanne, wanaume na wanawake, kila mmoja na namba zake: nguvu, wepesi, uwezo wa kuvuta watu kwa maneno. Kazi yako ni kuamsha wenzako ili muasi.

Nguvu peke yake haitoshi. Ukienda kugonga nyumba ya mwenzako na hauna maneno ya kumshawishi, anakataa kukufuata. Kuna walinzi, kuna imbwa. Ukianza kabla watu hawajawa pamoja na wewe, umekwisha.

Majina mawili ya wahusika hao yanatoka kwenye historia ya kweli. Solitude alikuwa mwanamke wa Guadeloupe aliyepigana wakati Ufaransa ilirudisha utumwa, na aliuawa mwaka 1802. Makandal aliongoza watumwa waliotoroka kwenye koloni ambayo leo ni Haiti, na alichomwa moto mwaka 1758.

Kongo nayo iko ndani ya historia hiyo. Watumwa wengi wa visiwa vile walitolewa pwani ya Kongo. Hata kisha utumwa kukomeshwa mwaka 1848, Ufaransa iliendelea kuwapeleka Wakongo Martinique kwa mikataba ya kazi, kati ya 1857 na 1862, wapate kukata miwa.

Freedom haikupata sifa kama Ultima, na mashini zilizoucheza zilizeeka, watu wakazitupa. Leo unaishi kwa sababu wapenzi wa michezo ya kale walitunza nakala, na kuna programu zinazoigiza mashini za zamani ndani ya ordinatere za leo. Tramis mwenyewe, mwaka 2018, alipewa medali ya Légion d'honneur na taifa la Ufaransa.

Tuna madini, na hadisi je?

Coltan ya Rubaya, ndani ya teritware yetu ya Masisi, inatoa tantale. Tantale hiyo inatumika kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya telefone na ordinatere. Ni kusema jasho la hapa kwetu liko ndani ya mashini ambazo vijana wanachezea. Lakini hadisi zilizo ndani ya michezo hiyo zinatoka kwingine.

Na hadisi zetu zinapungua. Watu wamehama mara ngapi? Muzee aliyejua habari za maziwa ya Mokoto, za milima yetu, za mashamba makubwa ya wakoloni na watu waliofanyishwa kazi humo, leo pengine yuko kambini, ao ameshafariki mbali na wajukuu wake. Kasete ya mchezo ikipotea, mtu fulani Ulaya anaweza kuwa na nakala. Hadisi ya muzee haina nakala popote.

Tramis hakungoja mtu wa nje aje kusimulia kisiwa chake. Alichukua hadisi za nyumbani na mashini yenye kumbukumbu ndogo kuliko telefone ya tochi ya mtu yeyote hapa leo.

Vijana wa Mweso wanaweza kuanza bila umeme. Mnahitaji kayee moja, kalamu, dadu mbili na muzee mwenye kupenda kuongea. Mmoja anasimulia, wengine wanaigiza, na mwenye kayee anaandika hadisi yote, pamoja na jina la muzee na la kijiji chake. Wazazi nao wakae karibu wasikilize. Pengine watasahihisha mambo mengi, na hayo nayo yaandikwe.